Jiwe Lililotoka na Mtu

Siku Nsabimana aliporudishwa Kitahana kutoka hospitali ya Kibondo, amelazwa kwenye godoro nyuma ya gari la mahindi, hakuna jirani aliyetoka kumpokea. Mkewe Benita alikaa pembeni yake njia nzima, amemshika kichwa kisigonge chuma kila gari lilipoyumba. Alitegemea kukuta watu uani, maana mgonjwa akirudi watu hufika. Alimkuta mama mkwe wake, Ininahazwe, amesimama peke yake mlangoni.

Dereva ndiye aliyesaidia kumshusha. Miguu ya Nsabimana ilining'inia kama suruali iliyoanikwa. Walipokwisha kumlaza, dereva akanawa mikono, akakataa uji, akaondoka.

"Watu wako wapi, mama?" Benita aliuliza.

"Watu wamesikia mambo."

"Mambo gani?"

Ininahazwe alitazama kule ndani alikolala mwanawe, akamvuta Benita hadi nyuma ya jiko. Alizungumza Kiha, kwa sauti ya mtu anayeungama. Alisema Evaristi, bosi wa Nsabimana pale machimboni, alikuja na gari lake asubuhi moja Benita alipokuwa bado wodini. Alikuja kwa upole, akavua kofia. Aliomba lile jiwe ambalo vijana walimtoa nalo Nsabimana shimoni na kulileta nyumbani, akisema ataliuza na fedha yote itakwenda kwenye matibabu, hata kama ni kumpeleka mgonjwa Mwanza. Ininahazwe akamtolea jiwe kutoka chini ya kitanda, akalifunga na kanga yake mwenyewe lisikwaruzike.

"Jioni ukaitishwa mkutano," alisema. "Evaristi akasimama mbele ya watu, akaliinua lile jiwe na kanga yangu. Akasema, mnaona? Nimelikuta nyumbani kwake, chini ya kitanda. Akasema mwanangu aliingia shimoni Jumapili, watu wako kanisani, kwenda kuiba. Na mwizi, akasema, hatibiwi na aliyeibiwa."

Benita aliona jivu la jikoni, akaona kuku anachakura, akasikia mumewe anakohoa ndani.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyempa."

"Wewe hujakosa, mama," Benita alijibu. "Aliyekosa namjua."

*

Mashimo ya Kitahana yalikuwa ya baraiti. Vijana waliyaita mashimo ya mawe mazito, kwa kuwa kipande cha ukubwa wa ngumi kilikulemea mkononi kama chuma. Hapo mwanzo walichimba mawe ya hovyo hovyo, ya kusagwa unga na kupelekwa kwa wanaotoboa visima vya mafuta. Kisha Evaristi, mfanyabiashara wa Kasulu, akagundua kwamba ndani ya mwamba mna matundu, na ndani ya matundu mawe yamejiota yenyewe kama maua: mabapa membamba ya rangi ya asali, yamesimama wima moja nyuma ya jingine, mwanga unapita ndani yake. Hayo hayasagwi. Kuna watu Ulaya na Marekani wanaoyanunua moja moja na kuyaweka kwenye makabati ya vioo, wayatazame tu. Tangu hapo Evaristi hakutaka tena unga. Alitaka maua.

Ua kubwa kuliko yote lilionekana ndani ya nguzo, ule mwamba ambao wachimbaji huuacha bila kuugusa ili ushikilie paa la shimo. Nsabimana ndiye aliyeliona, na alimwambia bosi wake kwa sababu alikuwa mtu mkweli. Evaristi akampigia simu Jumamosi. Akamwambia aingie kesho yake, peke yake, alitoe polepole, wengine wasije wakalivunja kwa pupa. Magogo ya kuegemeza paa, akasema, yako njiani. Benita alikuwa anamenya maharage wakati wa simu ile. Aliyasikia maneno yote, maana simu yao ilikuwa mbovu, haisikiki mpaka uweke sauti kubwa.

Magogo hayakuja. Nsabimana aliangukiwa na paa akiwa amelikumbatia jiwe kifuani, na vijana waliomfukua baada ya ibada walilikuta zima. Mgongo wake ndio uliovunjika.

Benita aliwaeleza watu habari za simu ile. Alimweleza mwenyekiti, akamweleza katekista, akawaeleza wanawake kisimani. Walimsikiliza huku wakitazama ndoo zao. Nusu ya nyumba za kitongoji kile zilikula kutokana na mashimo ya Evaristi. Jumapili iliyofuata, wagonjwa walipotajwa kanisani ili waombewe, katekista alimtaja bibi mwenye pumu na mtoto aliyeungua, kisha akafunga kitabu. Benita alibaki amepiga magoti, akingoja jina ambalo halikuja.

Siku hiyo alipofika nyumbani alimwambia mumewe kwamba anakwenda Kasulu kutafuta kibarua.

Nsabimana alimtazama sana. "Unakwenda kwa Evaristi."

"Hanijui sura. Hajawahi kuniona."

"Mimi sitaki jiwe lake, mama Apoline. Nataka aseme. Aseme mbele ya watu kwamba alinituma. Apoline asikue anaitwa mtoto wa mwizi. Basi."

"Atasema," Benita alijibu.

Alimwachia mama mkwe mgonjwa na mtoto, akapanda gari la Kasulu. Njiani alikuwa anawaza kwamba mumewe ni mtu mwema kupita kiasi. Yeye Benita, kusema tu kusingemtosha.

*

Ghala la Evaristi lilikuwa nyuma ya soko la Kasulu, nyumba ya matofali yenye ua uliofunikwa turubai. Wanawake walikaa kwenye vigoda, kila mmoja na beseni lake, wakiosha mawe kwa miswaki. Benita alisema anatoka Makere na anaitwa mama Apoline, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Evaristi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye kucha zilizokatwa vizuri. Alichukua kibapa kilichokatika, akakiweka sakafuni, akakimiminia chai ya moto kutoka kwenye kikombe chake. Kibapa kikalia *tak*, kikapasuka katikati.

"Umeona? Jiwe hili ni zito lakini moyo wake ni wa yai. Maji ya baridi tu. Usilianike juani. Usilipeleke karibu na moto. Anayenivunjia jiwe, hana kazi, na atanitambua."

"Nimeona, bosi," alisema Benita.

Jirani yake wa beseni alikuwa Sophie, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mwanamke mrefu aliyekuwa anaimba kwa sauti ya chini akiosha. Alikuwa ametoka kambini kwa kibali kilichokwisha muda, na kila aliposikia pikipiki inasimama nje aliacha kuimba. Mumewe alipotelea vitani Fizi, huko kwao Kongo. Watoto wake aliwaacha kambini kwa dada yake, na alichopata kwa Evaristi kilikwenda huko chote.

Ua lenyewe, lile la Nsabimana, lilikuwa katika chumba cha ndani, juu ya meza, juu ya blanketi. Lilikuwa kubwa kama sufuria ya ugali. Evaristi aliliita Malkia. Benita ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kulisafisha, kwa kuwa mikono yake ilionekana mitulivu. Siku ya kwanza alipofunua kitambaa, aliona kati ya mabapa udongo mwekundu wa Kitahana, na katikati ya udongo ule kitu cheusi kilichokauka. Alikinyunyizia maji. Maji yakawa mekundu kwa namna nyingine, wekundu wa damu. Alisugua pole pole mpaka yakatoka meupe, na hakulia, ingawa meno yalimuuma kwa jinsi alivyoyakaza.

Kila alipopita mgeni, Evaristi alimwingiza kumwonyesha Malkia, na kila mgeni alisimuliwa. "Hili nililinyang'anya mwizi. Jamaa mmoja wa huko Kibondo, Mrundi Mrundi hivi, aliingia usiku kama panya. Shimo likamwadhibu lenyewe." Wageni walicheka. Benita alikuwa hapo hapo, ameinama na mswaki. Nsabimana alizaliwa Kitahana, na karatasi ya uraia ya baba yake ilikuwa bado sandukuni. Wala haukuwa usiku. Ulikuwa mchana wa Jumapili.

Sophie aligundua. Aliona jinsi mwenzake anavyokaa na lile jiwe.

"Yaya," alimwambia siku moja, kwa neno ambalo kwao ni dada mkubwa, walipokuwa wanakula mihogo uani, "miye minaona weye hauoshe lile jiwe. Weye unaliangalia sawa muntu anaangalia nyoka."

Benita akamweleza yote. Sophie alisikiliza hadi mwisho, akaacha kutafuna.

"Utafanya nini?"

"Sijui bado."

"Unajua. Miye minakuomba kitu kimoja, yaya. Ukifanya, ujue ile siku hakuna muntu atabaki na kazi hapa. Na miye polisi wakikuja, wananirudisha kambini, na njia ya kutoka iko imefungwa."

"Siku hiyo usije."

"Na kesho yake nitakuja wapi?"

Benita alimsogezea kipande cha mwisho cha muhogo. Alimwonea Sophie huruma kweli, lakini huruma hiyo ilikuwa ndogo kuliko kile kingine kilichokaa kifuani mwake, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

*

Mnunuzi alifika kutoka Arusha, mzee mkimya aitwaye Isihaka, mwenye koti la kijivu na kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwa uzi. Alikuwa ananunua kwa niaba ya tajiri mmoja wa nje. Evaristi alikuwa amevaa shati jipya. Alifungua mlango wa chumba cha ndani na dirisha la uani ili mwanga uingie, na wanawake wa mabeseni wakawa wanaona kila kitu. Waendesha bodaboda wawili waliomleta mgeni walisogea nao, wakaegemea dirisha. Sophie alikuwepo. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Benita aliambiwa alete chai. Alikwenda jikoni, akalibeba birika kutoka kwenye mkaa, linatoa mvuke, akaingia nalo.

Isihaka alikuwa ameinama juu ya Malkia. Alilizunguka pole pole. Alipumua kama mtu aliyeona kitu ambacho hakutegemea kukiona tena maishani.

"Halina jeraha," alisema. "Hata ukingo mmoja. Limetoka shimo gani?"

"Huko Kibondo," Evaristi alijibu. "Kuna mwizi mmoja—"

"Limetoka Kitahana," alisema Benita. "Lilitoka na mume wangu. Alikuwa amelikumbatia."

Evaristi aligeuka. Kwanza alionekana kutoelewa ni nani aliyeongea. Benita alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, na birika lilikuwa juu ya jiwe, mdomo wake umeinama kidogo tu.

"Mama Apoline. Weka hilo birika chini."

"Mume wangu ni Nsabimana. Sema nani alimwambia aingie."

"Mama, tutaongea. Huyu ni mgeni."

"Sema mgeni asikie."

Tone moja lilidondoka. Likaangukia bapa la pembeni, likalia *tak*, na ufa mweupe ukatambaa ndani ya rangi ile ya asali kama unywele. Isihaka alirudi nyuma hatua moja. Evaristi alinyoosha mikono yote miwili mbele, kama mtu anayemsihi mtoto aliyeshika kisu.

"Mimi," alisema. "Nilimwambia mimi."

"Ulimwambia nini?"

"Aingie Jumapili. Alitoe kwenye nguzo."

"Na magogo?"

"Magogo sikuagiza." Jasho lilimtoka mdomo wa juu. "Sikuagiza. Hakuiba. Jiwe alinipa mama yake kwa mkono wake. Haya, nimesema, wote wamesikia. Weka chini."

Pale dirishani hakuna aliyejitingisha. Benita aliwatazama wote, mmoja mmoja, akamwona na Sophie, aliyekuwa anatikisa kichwa taratibu, anamwomba. Hapo ndipo angeweza kuacha. Mumewe alikuwa ameomba neno, na neno lilikuwa limetoka.

Akaliinamisha birika lote.

Jiwe lililia kama mahindi kwenye kikaango. Mabapa yalipasuka, yakaachana, yakaanguka moja juu ya jingine mezani, mengine yakateleza hadi sakafuni na kuvunjika tena. Maji yalipokwisha, palikuwa na rundo la vigae linalotoa mvuke. Evaristi alijitupa juu yake, akawa anaviokota na kujaribu kuviunganisha, na vidole vikawa vinaungua bila yeye kuvitoa. Alikuwa anasema maneno yasiyo na maana.

Isihaka alivua kile kioo chake cha shingoni, akakifuta kwa pindo la koti. "Mtu alivunjika mgongo kwa ajili ya hili?" alimuuliza Benita.

"Ndiyo, baba."

Mzee akatoka nje bila kuaga.

Benita aliweka birika mezani, akajifunga kanga, akapita katikati ya wanawake. Sophie alimfuata hadi kwenye lango.

"Weye umelipiza yako," Sophie alisema. Hakupaza sauti. "Ya kwangu nitalipiza kwa nani? Kwako?"

"Ukitaka, kwangu."

Sophie akatema mate chini karibu na miguu yake, akarudi ndani kuchukua vitu vyake.

*

Evaristi hakwenda polisi. Shimo lake la Kitahana halikuwa na leseni, na mbele ya watu alikuwa amekiri kumtuma mtu kwenye nguzo. Waendesha bodaboda wale wawili waliisimulia habari ile kila kijiwe cha Kasulu, na simu zikaifikisha Kitahana kabla Benita hajashuka garini. Alikuta wanawake wamekaa uani kwake na vikapu vya viazi. Hawakuomba msamaha. Walikoka moto, wakapika, wakamsalimia mgonjwa kwa jina.

Nsabimana alimsikiliza mkewe hadi mwisho. Aliposikia kwamba jiwe limepasuliwa baada ya Evaristi kwisha kusema, alifumba macho.

"Lilikuwa zuri," alisema. "Kule ndani nililimulika na tochi nikasahau hata kutoka."

"Unanilaumu?"

"Sikulaumu. Nakwambia tu lilikuwa zuri."

Vijana nao waliacha kushuka. Hakuna aliyewaitisha kikao. Kila mmoja alikaa kwao, akaanza kutengeneza mpini wa jembe. Shimo likakaa wazi, na mvua za kwanza zikaanza kulijaza.

Ndipo Evaristi alipokuja. Alikuja Jumapili, watu wanatoka kanisani, na nyuma ya gari lake kulikuwa na kiti cha magurudumu kipya, bado kina nailoni. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa bandeji. Alivua kofia kama alivyofanya mara ya kwanza.

"Nimemletea ndugu yangu," alimwambia Ininahazwe, maana Benita hakumjibu salamu. "Yaliyopita tuyaache. Vijana wanamsikiliza yeye. Akiwaambia neno moja tu, kazi inaanza. Magogo nimeagiza kweli safari hii. Na kiti ni chake."

Ininahazwe alikitazama kile kiti. Alikuwa amembeba mwanawe mikononi kumpeleka chooni tangu alipoletwa, na yeye ni mzee. "Mwanangu," alimwambia mwanawe kutoka mlangoni, "kipokee."

"Kitoke," Benita alisema. "Kitoke na mwenyewe."

"Ngoja, mama Apoline." Sauti ya Nsabimana ilitoka ndani, tulivu. "Nitakwenda kuongea nao. Kwenye shimo, huko huko. Niwekeni kwenye kiti."

Benita alimgeukia mumewe kwa hasira, lakini alipomwona uso wake akanyamaza. Akasaidiana na mama mkwe kumwinua. Evaristi alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

"Garini siwezi," alisema Nsabimana. "Mgongo. Nisukume."

"Nitamwita kijana."

"Nisukume wewe."

Njia ya kwenda mashimoni ilipita mbele ya kanisa, kisha ikapanda kilima kwenye udongo uliolowa. Evaristi alisukuma. Magurudumu yalizama, akasukuma kwa kifua, viatu vyake vyeusi vikawa vyekundu hadi vifundoni. Watu waliotoka ibadani walisimama pande zote mbili za njia, Biblia mkononi. Katekista alivua kofia. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyecheka. Walifuata nyuma kimya, na Benita alitembea mbele yao wote.

Mdomoni mwa shimo vijana walikuwa wamekwisha kufika. Nsabimana alikaa akivuta pumzi, akilitazama lile giza.

"Huyu hapa amenileta niwaambie mshuke," alisema. "Hii njia mmeona amenisukuma mwenyewe, kwa hiyo mnajua anavyoyataka haya mawe. Mimi aliniambia magogo yako njiani. Leo amesema tena yako njiani. Mimi nawaambia msishuke. Sio kesho, sio mwakani, sio akija na magogo ya nchi nzima. Akitaka maua, mlango uko wazi, ashuke mwenyewe."

Kijana mmoja aliokota kamba iliyokuwa imefungwa kwenye kisiki, ile ya kushukia, akaikata kwa panga, akaiacha ianguke shimoni. Walisikia maji yakiipokea huko chini.

Evaristi alikuwa anahema. Alitazama gari lake, dogo sana kule chini karibu na kanisa, akatazama watu waliojaza njia. Akaanza kuondoka, na watu hawakupisha.

"Bosi," Nsabimana alisema bila kugeuza kichwa. "Nirudishe nyumbani."

Mwishowe Evaristi akarudi, akashika vipini vya kiti kwa vidole vyake vyenye bandeji, akaanza kukishusha kilimani, ameegemea nyuma kisimponyoke. Mahali penye mtaro gurudumu lilikwama. Alimtazama Benita. Benita alisimama, akakunja mikono, akamngojea alikwamue.